Katambuga darasani: tathmini ya kiatu cha tairi kama kifaa cha kufundishia uchumi wa mzunguko

Somo la uchumi wa mzunguko, yaani kuvifanya vitu vitumike tena na tena badala ya kutupwa, likifika kwa wanafunzi wa usanifu wa bidhaa, kinachowekwa ukutani mara nyingi ni ule mchoro wenye mabawa mawili wa Ellen MacArthur Foundation, taasisi inayoueneza uchumi huo: upande mmoja vitu vinavyooza na kurudi ardhini, upande wa pili vitu vya kiwandani vinavyokarabatiwa, kutumiwa tena na kuyeyushwa. Mchoro ni mzuri. Lakini mwanafunzi anaweza kuukariri wote, akapata A kwenye mtihani, na bado asijue kwa nini raba aliyovaa haitengenezeki. Anayefundisha Arusha au Moshi ana kifaa bora zaidi sokoni, cha bei ndogo, kinachofunguka kwa koleo: katambuga.

Kama kifaa cha kufundishia tunaipa 9 kati ya 10. Kama kiatu cha kuvaa kutwa nzima mjini, 6. Alama hizo mbili zina uhusiano, na tutaueleza.

Tuanze na kununua, maana hapo ndipo wengi hukosea. Achana na zile zilizopambwa shanga kwenye maduka ya wageni. Baadhi zina soli ya mpira mpya ulionunuliwa kwa karatasi na mikanda iliyobandikwa kwa gundi. Ni viatu vizuri, ila somo linakuwa limekwisha kabla ya kuanza. Nenda kwenye gulio, Ngaramtoni au Kisongo, au Mbuyuni kwa walio Moshi, utafute fundi aliyekaa na matairi yake kando. Igeuze ndala uitazame chini: uone kashata za tairi zenyewe na vichwa vya misumari. Pinda soli kwa mikono miwili. Ikikataa kabisa kupinda, imekatwa nene mno na itachosha mguu. Pitisha kidole upande wa juu, pale mikanda inapoingia, usikie kama kuna ncha ya msumari au uzi wa waya. Kwa darasa la watu 30, nunua jozi sita, jozi moja kwa kikundi cha watu watano, na uzitoe kwa mafundi wasiopungua watatu ili tofauti za mikono zionekane. Tenga shilingi 15,000 kwa jozi kwenye bajeti. Kisha mwombe fundi jozi moja iliyochakaa, hata ya kubadilishana. Hiyo kuukuu ina mafunzo kuliko zote sita mpya.

Kipindi cha kwanza ni cha kufungua. Kila kikundi kiwe na koleo la kung'olea misumari, bisibisi bapa, mizani ya jikoni inayosoma gramu, rula ya chuma, karatasi ya A3, miwani ya kukinga macho na sumaku (ya spika mbovu inatosha). Wapime uzito wa kiatu kizima kwanza. Kisha wang'oe, kipande kwa kipande, na kila kinachotoka kilazwe kwenye karatasi, kichorwe mzunguko wake, kipimwe uzito, na kiandikwe mambo matatu: kilitoka kwa kifaa gani, kilichukua muda gani, na kimetoka kizima, kimejeruhiwa au kimekufa. Neno moja kati ya hayo matatu, bila maelezo marefu. Wanafunzi wa usanifu hupenda kupiga picha kila kitu. Waache wapige, lakini alama ziende kwenye mizani na jedwali.

Kitakachopatikana ni kifupi: soli, mikanda miwili au mitatu, gidamu kama ipo, pengine kipande cha kuongezea kisigino, na misumari. Aina mbili za vitu, mpira wenye nyuzi ndani yake na chuma. Sehemu kubwa hutoka nzima.

Halafu mpe kila kikundi raba moja ya mtumba, ya soko la Kiboriloni au Samunge, na kazi ileile kwa dakika 20. Hapa ndipo darasa linapoelewa. Kitambaa cha juu ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa pamoja na sponji na ngozi bandia. Soli ya kati ni povu jepesi. Soli ya chini ni mpira. Na vyote vimeunganishwa kwa gundi isiyokubali kuachia bila kuchana kimojawapo. Jedwali hujaa neno "kimekufa". Mwanafunzi aliyeona majedwali mawili kando kwa kando hahitaji tena kuelezwa kwa nini kiungo ndicho uamuzi wa kwanza wa mbunifu. Rangi na umbo havifiki hapo.

Kuna mtego, na mwalimu asipouziba somo linapotoka: wanafunzi watahitimisha kwamba misumari ni mizuri na gundi ni mbaya. Sasa toa ile jozi kuukuu. Tazameni mahali mkanda unapoingia ubavuni mwa soli. Mtakuta safu ya matundu ya zamani. Kila msumari unapong'oka, fundi hawezi kuurudisha kwenye tundu lilelile kwa sababu mpira pale umeshalegea, kwa hiyo anapigilia milimita chache pembeni. Baada ya ukarabati wa mara kadhaa matundu yanajipanga kama ya stempu, na siku moja mkanda unachanika kwa kufuata mstari huo. Msumari unafungulika, ndiyo, lakini kila ukarabati unakula nafasi ya ukarabati unaofuata. Kiungo kizuri kwa uchumi wa mzunguko ni kile kinachoweza kufunguliwa na kufungwa palepale bila kumaliza kitu kilichoshikiliwa. Kwenye ngozi, uzi hufanya hivyo kwa kiasi. Kwenye mbao, skrubu yenye nati. Kwenye mpira wa tairi jibu bado halijapatikana vizuri, na hilo ni swali halali la kumpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Gundi nayo ina sababu yake ya kushindwa hapa. Tairi limechanganywa na nta na dawa za kuzuia mpira kupasuka kwa jua na hewa, na hizo hutoka polepole hadi juu ya mpira. Ukipaka gundi juu yake unabandika nta. Anayetaka kujaribu akwaruze kwa msasa mpaka weusi unaong'aa uondoke, afute vumbi, ndipo apake. Hata hivyo, kiungo hicho hakina umri wa msumari kwa mtu anayetembea kwenye umande na tope.

Kipindi cha pili ni tairi lenyewe. Pata tairi kipara la ukubwa wa 7.50-16, la Canter au Land Rover ya zamani. Maandishi ya ubavuni ni somo la kusoma bidhaa: kistari kati ya namba mbili kinaonyesha nyuzi zake zimepishana kimshazari, na tairi la namna hiyo kwa kawaida ni la nailoni; herufi R, kama 215/75R16, inaonyesha nyuzi zimevuka moja kwa moja na chini ya kashata kuna tabaka za waya za chuma. Mengi pia yameandikwa wazi ni tabaka ngapi na za nini. Sumaku inathibitisha: ikishika kwenye sehemu ya kukanyagia, kuna chuma. Mafundi hulipenda la nailoni. Waya wa chuma huua makali ya kisu, na ukishakatwa huchomoza pembeni na kuchoma mguu. Namba nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Hapa wanafunzi waachiwe swali wakae nalo. Magari yanazidi kuvaa matairi yenye chuma. Malighafi ya katambuga inapungua, na fundi wa Ngaramtoni hakuulizwa. Aliyechagua waya alifikiria barabara, mwendo na mafuta, na alikuwa na haki ya kuyafikiria. Ila uamuzi wake ulifunga mlango wa maisha ya pili ya tairi, maelfu ya kilomita mbali na yeye. Hakuna mfano bora zaidi wa kumwonyesha mbunifu kwamba anachokiandika kwenye mchoro kinaamua kazi ya mtu asiyemjua.

Kisha hesabu. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha takribani sentimita 80, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimita 251. Sehemu ya kukanyagia iliyo bapa ni kama sentimita 16 kwa upana. Wakate violezo vya soli kwa kadibodi, sentimita 28 kwa 11 pamoja na nafasi ya kisu, wavipange kwenye karatasi ya kaki yenye ukubwa huo. Kwa urefu zinaingia soli nane na ushei, yaani jozi nne. Kikundi kimoja kitasema tisa. Waulize ya tisa itavaliwa na nani. Kingine kitajaribu kulaza soli kimshazari ili kubana nafasi. Kwenye karatasi inakubali, kwenye tairi inakataa, kwa sababu soli lazima ifuate mviringo wa tairi ili mkunjo uende kutoka kisigino hadi vidole. Soli iliyokatwa kwa kukingama hupinda ubavu na mvaaji anayumba. Mistatili minane inachukua asilimia 61 ya sehemu ya kukanyagia, na umbo la soli lenyewe linajaza kama robo tatu tu ya mstatili wake. Kwa hiyo kinachovaliwa kama soli ni chini ya nusu ya sehemu ya kukanyagia, kabla hata ya kuhesabu mbavu na zile pete mbili za waya mnene zinazoshika rimu.

Swali linalofuata ni salio linakwenda wapi, na jibu lake halipo darasani. Mpeleke mwanafunzi kwa fundi. Mbavu hutoa mikanda. Utepe wa sentimita tano unaobaki pembeni hutoa visigino na vipande vya kuongezea unene. Mipira ya ndani hukatwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda. Mafundi magari hukata bushi kutoka kwenye mpira mnene. Pete za waya ndizo mara nyingi hukosa mwenyewe, na zikipata mtu anayetaka chuma tu, huenda zikachomwa motoni ili mpira uondoke. Moshi huo ni sumu, na mwanafunzi auandike kwenye ramani yake ya mtiririko kama tokeo la bidhaa hii, bila kuuficha kwa sababu tu tunaipenda katambuga.

Ziara kwa fundi ina masharti, na tunayashikilia kwa nguvu kwa sababu mahali hapa ndipo vyuo huharibu. Watu 30 wasimzunguke mtu mmoja aliyekaa kwenye mkeka. Waende sita kwa zamu, dakika 40 kila zamu, na fundi alipwe kwa saa zake kama mwalimu mgeni, malipo yapatanwe siku iliyotangulia, mbali na viatu vitakavyonunuliwa. Wakifika wasalimie, waseme "fundi" au "mzee" kulingana na umri wake, waombe ruhusa kabla ya kutoa simu. Waangalie anavyolowesha kisu kwa maji ili kiteleze ndani ya mpira, anavyokivuta kwa mikato mirefu michache badala ya kusokota, anavyochubua tabaka za ndani kwa kisu na koleo mpaka soli ipungue uzito. Wahesabu misumari. Wamuulize ni tairi gani analikataa na kwa nini. Jibu hilo peke yake lina thamani ya mhadhara. Wasimpe ushauri. Mwanafunzi aliyefika jana hajapata bado kitu cha kumrekebishia mtu mwenye miaka kwenye kazi, na pendekezo la kwanza huwa ni lilelile: rangi na nembo.

Sasa ile sehemu ambayo vitabu vya hamasa huiruka. Katambuga si mzunguko uliokamilika. Mpira wa tairi umepikwa na salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, na upikaji huo huunganisha minyororo ya mpira kwa vifungo ambavyo joto la kawaida halivifungui. Plastiki ya ndoo unaweza kuiyeyusha ukaifinyanga tena. Tairi ukilitia moto linaungua. Kwa hiyo soli ikiisha, haiwi tairi tena wala haiwi soli. Ni ngazi moja chini, nzuri na ndefu, kisha shimo la taka. Mwanafunzi aeleze hivyo kwa maneno hayohayo kwenye ripoti, na anayechora mshale unaorudi kutoka kwenye ndala hadi kiwandani apunguziwe alama.

Walter Stahel, msanifu wa Uswisi ambaye mwaka 1976 aliandika pamoja na Geneviève Reday ripoti kwa Tume ya Ulaya kuhusu kazi na nishati, alijenga hoja yake juu ya mpangilio: usikarabati ambacho hakijavunjika, usiunde upya kinachoweza kukarabatiwa, usiyeyushe kinachoweza kuundwa upya. Kwa tairi maana yake ni kwamba kabla ya kuwaza ndala, waza kuliongezea tairi lenyewe maisha. Matairi ya malori na ya ndege hutengenezwa mwili wake ukiwa imara kiasi cha kuvishwa mpira mpya wa juu, na ya ndege huvishwa mara kadhaa. Michelin, watengenezaji wa matairi, walikwenda mbali zaidi kwenye soko la malori la Ulaya: wakawatoza wenye malori kwa kilomita badala ya kuwauzia tairi. Tairi likibaki mali ya kiwanda, kiwanda chenyewe ndicho kinachotaka lidumu, livishwe tena na lirudi. Huo ni usanifu wa mkataba, na mwanafunzi wa usanifu anapaswa kujua kwamba wakati mwingine kitu cha kuchora upya ni mkataba.

Arusha ina kumbukumbu yake kwenye jambo hili. General Tyre ilitengeneza matairi mjini hapa, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero yalikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Mti wa mpira, kiwanda, lori na ndala vyote vilikuwa ndani ya nchi moja. Kiwanda kiliacha kuzalisha. Mpe mwanafunzi ramani ya Tanzania na kalamu mbili, achore safari ya tairi ya wakati ule na ya leo. Urefu wa mistari utasema mengi.

Kwa kuwa katambuga haionyeshi mzunguko unaofunga, iambatanishe na kreti ya soda. Chupa 24 za kioo, za kurudisha, kama zinazojazwa na Bonite Moshi, zinakamilisha somo kwa gharama ya amana tu, na amana unairudishiwa. Waambie wanafunzi wazishike chupa mkononi watafute pete nyeupe zilizochubuka kwenye bega na karibu na kitako. Pete hizo ni alama za chupa kugongana na kusuguana kila inapopita kiwandani kuoshwa na kujazwa. Chupa yenye pete pana imezunguka mara nyingi. Mbunifu aliijenga iwe nene pale itakapogongwa, umbo likawa moja ili iingie kreti lolote la aina yake, na amana ikampa kila mwenye duka sababu ya kuidai. Umbo, kreti na amana: ukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki havifanyi kazi. Kipindi kimoja kinatosha kwa hili.

Kazi ya mwisho, ya wiki tatu, ni kusanifu upya kiungo cha mkanda na soli. Masharti ni magumu makusudi: hakuna gundi; vifaa ni vile alivyonavyo fundi kwenye mkeka wake; mkanda uweze kubadilishwa mara tano palepale bila tundu jipya; na fundi mwenyewe aweze kukitengeneza kwa muda usiozidi ule anaotumia sasa. Wengi watakimbilia kupitisha mkanda kwenye mpasuo na kuufunga fundo chini. Fundo lililo chini huliwa na ardhi kwanza, kwa hiyo lichimbiwe kitundu, na kitundu kinahitaji soli nene, na soli nene ni nzito. Mvutano huo ndio somo. Pima kwa kuvuta: ning'iniza ndoo kwenye mkanda, ongeza maji lita moja moja, uandike uzito uliokichomoa.

Alama tisa badala ya kumi ni kwa sababu ya usalama. Kukata mpira kuna hatari ya kweli. Kisu kikiteleza huenda na nguvu yote ya mkono. Wanafunzi wasikate tairi zima. Wanunue vipande vilivyokatwa na fundi, wavae glavu za ngozi, kisu kielekee mbali na mwili na mpira ulazwe kwenye ubao, kamwe si pajani.

Na alama sita kwa mvaaji ni kwa uzito, kwa misumari inayoota kutu na kupanda juu soli inapopungua, na kwa weusi unaobaki mguuni. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mafuta yaliyotumika kulainisha mpira wa matairi yana kemikali ambazo Umoja wa Ulaya ulianza kuzibana kwenye matairi mwaka 2010, na tangu mwisho wa 2015 bidhaa za mpira zinazogusa ngozi kwa muda mrefu haziruhusiwi kule kuzidi miligramu moja kwa kilo kwa kila mojawapo ya kemikali nane za kundi hilo. Tairi halikutengenezwa livaliwe. Kwa hiyo ongeza sharti la tano kwenye kazi: kuwe na kitanga cha ngozi kati ya mguu na mpira, kishonwe, kitoke na kurudi.

Mkimaliza, msitupe. Misumari iliyonyooka irudi kwa fundi ndani ya kopo, iliyopinda iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na soli zilizofunguliwa zirudi kwake pamoja na mikanda yake zifungwe upya. Mwambieni mapema kwamba zinarudi, na mlipe kazi ya kuzifunga. Nusu saa ya kumtazama akiamua ipi inafaa na ipi haifai iwekwe kwenye ratiba ya kozi kama kipindi kamili.